Siku za mbalamwezi

Sisi tunaoanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, tunazijua siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na mtu anakaa kando ya kichanja akihesabu ada ya Januari huku mtoto anamsemesha asimsikie. Nimeishi hivyo miaka mingi.

Jaribu hili, ndugu yangu. Asubuhi, kabla hujashika simu, soma Mathayo 6:34, "Basi msisumbukie ya kesho", kisha andika kwenye karatasi jambo moja ambalo Mungu amelitia mikononi mwako leo: kushona wavu, kumjulia hali jirani mgonjwa, kulipa deni la elfu mbili. Moja tu. Ya kesho yakikujia kichwani, na yatakuja, yataje kwa sauti mbele za Bwana, moja baada ya jingine, halafu rudi kwenye wavu wako. Sisemi usipange, akiba weka, tena weka. Ila mana ya jangwani, chakula Mungu alichowapa Waisraeli siku kwa siku, iliyolazwa hadi asubuhi iliingia mabuu ikanuka (Kutoka 16:20), na muanika dagaa anaijua harufu hiyo.

Jioni mwulize mtoto siku yake ilikuwaje, umsikilize mpaka amalize.