Kukata Rufaa Pale Hukumu ya Mauaji Inapoegemea Maneno ya Mtoa Taarifa

Anza na muda. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa ina ukomo mfupi unaohesabiwa kwa siku, na aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba aongezewe muda na kueleza sababu za kuchelewa kwake. Kwa hiyo iwasilishe hata kabla hujampata wakili, kisha uombe nakala ya hukumu na ya mwenendo mzima wa kesi.

Mahakama ya rufaa ni nadra kuwasikiliza mashahidi upya, na humwachia jaji aliyewaona wakitoa ushahidi nafasi kubwa ya kuamua nani wa kuaminiwa. Ndiyo maana sababu ya rufaa inayosema tu kwamba shahidi ni mwongo haifiki mbali, hata ikiwa ni kweli. Onyesha kosa linaloonekana katika kumbukumbu, ukitaja ukurasa: jaji hakuzingatia mkanganyiko fulani, hakujionya, au hakulionya baraza la wazee wa mahakama (raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia), juu ya hatari ya kumtegemea shahidi huyo, au alitafuta uthibitisho mahali ambapo haukuwapo.

Kwa mtoa taarifa, hasa mfungwa anayedai kwamba mshtakiwa alimkiri kosa wakiwa mahabusu, swali la kwanza ni alichopata au alichotarajia kupata: kufutiwa mashtaka, kupunguziwa adhabu, fedha. Katika Napue v. Illinois ya 1959, kesi ya mauaji, shahidi mkuu alikana kuahidiwa chochote ilhali mwendesha mashtaka alijua kwamba ahadi ilikuwapo na akanyamaza. Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua hukumu. Kesi ya Giglio ya 1972, ya mahakama hiyo hiyo, ilikwenda mbele zaidi, kwa kuwa ahadi iliyotolewa na mwendesha mashtaka mmoja ilihesabiwa kuwa ya ofisi nzima, ingawa mwenzake aliyeendesha kesi hakuijua.

Swali la pili ni kama angeweza kuyajua aliyoyasema bila kuambiwa na mshtakiwa. Linganisha maelezo yake ya kwanza polisi na ushahidi wake mahakamani, kisha angalia ni mambo gani yalikuwa tayari magazetini au katika nyaraka za kesi ambazo mshtakiwa alikuwa nazo mahabusu. Jambo lililoongezeka baada ya kila mahojiano lina thamani kubwa kwako kuliko matusi yoyote dhidi ya tabia yake. Mwaka 2003, Privy Council ya London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa maeneo kadhaa ya Uingereza ng'ambo, ilitengua hukumu ya mauaji iliyotoka Visiwa vya Virgin vya Uingereza kwa sababu baraza la wazee wa mahakama halikuonywa ipasavyo kuhusu shahidi wa namna hiyo.

Kisha soma hukumu upya ukiondoa maneno yote ya mtoa taarifa. Kinachobaki ndicho kipimo cha uzito wa kosa, kwa maana mahakama itauliza kama matokeo yangekuwa yale yale bila yeye, na kuonekana tu na marehemu jioni ya mauaji si uthibitisho kwamba mshtakiwa aliua.

Mtoa taarifa akijitokeza na kuukana ushahidi wake, pata kiapo chake cha maandishi, lakini usitegemee hicho pekee: mahakama huushuku ukanusho wa namna hiyo, na zitataka kujua kwa nini ushahidi huo mpya haukupatikana mapema.

Katika maombi, tanguliza kuachiwa huru kwa upungufu wa ushahidi, na kusikilizwa upya kuwe ombi mbadala. Mpangilio huo si wa adabu tu. Nchini Marekani, tangu kesi ya Burks ya 1978, anayeshinda rufaa kwa upungufu wa ushahidi hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo, ilhali anayeshinda kwa kasoro ya mwenendo wa kesi anaweza kurudishwa mahakamani.