Kuoanisha Amplifaya na Spika ili Sauti Nyembamba Zisikike Wazi

Msikilizaji asiyesikia vizuri matoazi, fidla au herufi za mwisho za maneno ya mwimbaji kwa kawaida hukimbilia kitufe cha trebo, yaani cha kuongeza sauti nyembamba. Ninashauri kitufe hicho kirudishwe katikati kwanza, kwa sababu mara nyingi trebo si haba, ila amplifaya na spika ndizo zisizopatana.

Anza na kijitabu cha spika, utafute ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi inazotoa ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na BBC ya Uingereza miaka ya 1970, hutoa takriban 83, ilhali spika nyingi za nyumbani hutoa kati ya 86 na 90. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kila nyongeza ya desibeli 3 hudai nguvu maradufu: ili mlio wa ghafla wa tari ufike desibeli 95, spika ya 83 itahitaji wati 16, na ile ya 89 itatosheka na wati 4. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa, na ukataji huo huzaa mawimbi ya sauti nyembamba ambayo hayakuwamo katika muziki, yakaingia kwenye twita (kipaza kidogo cha sauti nyembamba ndani ya spika), yakaharibu usafi wa sauti na, yakidumu, yakaiunguza. Kwa hiyo spika nzito kuendesha, yaani yenye desibeli chache, ipewe amplifaya yenye akiba ya nguvu, hata kama husikilizi kwa sauti kubwa.

Kisha tazama omu, kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme. Spika za omu 4 zisifungwe kwenye amplifaya iliyoruhusiwa omu 8 tu. Amplifaya ndogo za daraja D (aina inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana) zinahitaji uangalifu wa pekee: nyingi za bei nafuu zina kichujio cha kutolea sauti kilichopangwa kwa omu maalumu, hivyo spika yenye omu nyingi zaidi hufanya sauti zinazokaribia kilohezi 20 zipande na kuchoma sikio, na yenye omu chache huzififisha. Kwenye amplifaya ya valvu (taa za kioo za kukuza sauti) yenye vituo vya kufungia spika vya omu 4 na 8, jaribu vyote viwili, kwa sababu mlingano wa sauti hubadilika kadiri ukinzani wa spika unavyopanda na kushuka.

Unapolinganisha, weka twita usawa wa masikio na usawazishe ukubwa wa sauti, kwani sikio hudhani sauti iliyozidi kidogo ndiyo iliyo safi. Mimi hutumia taarabu ya Zanzibar yenye ganuni, kwa sauti ya chini: uzi unapodonolewa, mguso wa kwanza usikike peke yake, kisha mvumo wake ufifie polepole bila kumezwa na fidla.