Somo: Kanisa linalokaa tupu siku sita liwe kituo cha mtaa

Ukiingia kwenye kanisa lisilotumika sana, jicho huvutwa na ukumbi wa ibada: paa la juu, vioo vya rangi, nafasi tele. Ndipo mipango mingi inapopotea. Ukumbi wa watu 300 hupata wa kuujaza mara chache kwa mwaka. Kinachotafutwa mtaani kila siku ni chumba cha watu 10 hadi 25 chenye mlango unaofungwa, meza na choo karibu: kikundi cha akina mama, darasa la watu wazima, ushauri wa sheria, mazoezi ya wazee. Vyumba vidogo ndivyo vitakavyolisha kituo, na somo hili limepangwa kwa kufuata hilo.

Hatua ya 1: Jua jengo ni la nani

Soma hatimiliki yenyewe, usitegemee kumbukumbu za wazee wa kanisa. Mara nyingi mwenye jengo si waumini wanaosali humo bali ni dayosisi, bodi ya wadhamini au familia iliyotoa kiwanja, na hati ya zawadi inaweza kusema kwamba kiwanja kikiacha kutumika kwa ibada kinarudi kwa mtoaji. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1222 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inampa askofu wa jimbo uwezo wa kulitoa kanisa kwenye matumizi ya ibada, akishasikiliza baraza la mapadre, mradi matumizi mapya yasiwe ya aibu. Ikiwa ibada zitaendelea, njia ni nyingine: mnaandikiana mkataba wa kugawana saa na vyumba.

Wakati huohuo uliza mambo mawili: kama mamlaka ya ujenzi inadai kibali cha kubadili matumizi, na kama jengo limeorodheshwa kuwa la kihistoria. Ipe taarifa kampuni ya bima pia. Bima iliyokatwa kwa ajili ya ibada ya Jumapili inaweza kukataa kulipa mtoto akiumia kwenye darasa la Jumatano.

Hatua ya 2: Kalenda kabla ya ramani

Kituo kikiwa wazi saa 14 kwa siku, wiki ina saa 98. Chora jedwali la saa hizo, weka alama zile ambazo kanisa linazitumia, kisha nenda kwa vikundi vya mtaa na uwaulize mambo manne: siku gani, saa ngapi, watu wangapi, na wanahitaji kifaa gani. "Mngependa kituo?" si swali la maana, kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Omba barua fupi yenye siku na saa. Majibu yakirundikana jioni za katikati ya wiki, kama ilivyo kawaida, utajua unahitaji vyumba vitatu vinavyotumika kwa pamoja, na huo ndio mwanzo wa ramani.

Bei ya kukodisha saa moja ipatikane kwa kugawa gharama zote za mwaka (bima, umeme, usafi, akiba ya matengenezo, mshahara wa msimamizi) kwa saa unazotarajia kukodisha kweli. Mwaka wa kwanza usihesabu zaidi ya theluthi moja ya saa zilizopo.

Hatua ya 3: Maji ya mvua

Paa, mifereji na mabomba ya kushushia maji hutangulia kila kazi ya ndani. Madoa ya unyevu ukutani mara nyingi hutokana na mfereji ulioziba majani, si ukuta kuchoka. Kwenye kuta za zamani za mawe au matofali zilizojengwa kwa chokaa, usizibe nyufa kwa saruji wala usipige lipu ya saruji. Chokaa hupumua, saruji hufungia maji ndani, na baada ya misimu michache uso wa jiwe huanza kumomonyoka pembeni mwa kiraka. Tumia chokaa kwa chokaa.

Kabla ya kutoboa au kukwangua chochote, chukua sampuli za rangi, dari na vifuniko vya mabomba zikapimwe kama zina madini ya risasi au asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari. Vumbi likisharuka, usafishaji wake ni kazi nzito kuliko upimaji.

Hatua ya 4: Watu, milango na mteremko

Tuchukue ukumbi wa mita 20 kwa 12, yaani mita za mraba 240, na tuutumie mfano huu hadi mwisho. Kanuni za ujenzi za mfano zinazotumika Marekani huhesabu mita za mraba 0.65 kwa mtu kwenye viti visivyofungwa sakafuni, na 1.4 pakiwa na meza. Kwa hiyo sakafu inabeba watu 369 kwa viti, au 171 kwa meza. Lakini idadi halali haiamuliwi na sakafu peke yake. Milango nayo huhesabiwa, takriban milimita 5 za upana kwa kila mtu, hivyo mlango wa sentimita 90 unatosha watu 180. Pakifika watu 50, inatakiwa milango miwili ya kutokea, iliyoachana angalau nusu ya ulalo wa chumba, yaani mstari wa kona hadi kona (hapa mita 11.7 hivi), inayofunguka kwa nje na kwa kusukuma bila ufunguo.

Makanisa mengi hukwama hapa. Mlango mkuu ni mpana, ila mlango wa pili ni ule wa sakristia, chumba cha kuvalia mavazi ya ibada: mwembamba, unafunguka kwa ndani, na ufunguo wake uko nyumbani kwa mtu. Urekebishe mapema. Kanuni za nchi yako zinaweza kutofautiana na tarakimu hizi, basi linganisha kabla ya kununua milango.

Mteremko wa kiti cha magurudumu: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 zinadai mita 5.4, pamoja na sehemu tambarare ya mita 1.5 kila mwisho, jumla mita 8.4. Pima uwanja kabla ya kuahidi. Na mteremko uelekee kwenye mlango wanaoutumia wote, si wa nyuma kwenye mapipa ya taka.

Hatua ya 5: Mwangwi

Hakuna kinachoua vituo vya namna hii kama sauti, na waumini wengi watakuapia kwamba kanisa lao halina tatizo. Wanasema kweli kwa walichokisikia, maana hulisikia likiwa limejaa.

Kanuni ya Sabine ni hii: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba, kugawa kwa ufyonzaji wote, yaani uwezo wa chumba kunyonya sauti, unaopimwa kama mita za mraba za uso unaonyonya sauti yote. Ukumbi wetu ukiwa na kimo cha mita 9 una mita za ujazo 2,160. Kuta za lipu, sakafu ya vigae na vioo vinaweza kuufanya uvume sekunde 4 ukiwa mtupu, maana yake ufyonzaji ni mita za mraba 87 tu. Mtu aliyeketi hufyonza takriban 0.45. Waumini 200 wanaongeza 90, na mwangwi unashuka hadi sekunde 2 hivi. Kikundi cha watu 15 siku ya Jumanne kinaongeza 7 tu: sekunde 3.7. Mzee mwenye usikivu hafifu hataambulia kitu, na hatarudi.

Ili ukumbi mtupu ushuke hadi sekunde 1.8, unahitaji ufyonzaji wa 193, yaani nyongeza ya 106. Paneli za pamba ya mawe zenye unene wa sentimita 5, zinazofyonza karibu asilimia 80, zitahitajika mita za mraba 133. Ni nyingi, lakini dari peke yake ina 240. Zitundike kati ya maboriti, zikiachana na dari sentimita 5 hadi 10. Hewa iliyo nyuma yake husaidia kukamata sauti nzito. Mapazia mepesi na trei za mayai hayafanyi kazi hiyo.

Pima kabla na baada: simama katikati, pasua puto, rekodi kwa simu, uone sauti inachukua muda gani kufifia. Na kama muziki wa kwaya au ogani utaendelea, usishuke chini ya sekunde 1.5. Muziki unaopendeza hapo unahitaji mwangwi kidogo, na kuunyonga wote ni kuharibu kitu ambacho chumba hicho kilijengewa.

Hatua ya 6: Vyumba ndani ya jengo

Jenga vyumba kama masanduku yanayosimama yenyewe bila kushikwa kwenye kuta za kanisa. Duka la vitabu lililofunguliwa mwaka 2006 ndani ya kanisa la zamani la Wadominiko mjini Maastricht, Uholanzi, lilifanya hivyo kwa rafu kubwa ya chuma ya ghorofa kadhaa: kesho inaweza kuondolewa na kanisa likabaki lilivyokuwa. Ndiyo njia ambayo wasimamizi wa majengo ya kale huikubali kwa urahisi zaidi.

Sanduku la mita 4 kwa 5 linatosha watu 14 kwenye meza. Fremu ya mbao, pamba ya mawe katikati, bodi mbili za jipsamu za milimita 12.5 kila upande, mpira chini ya boriti ya sakafuni, mlango mzito wenye mpira kuzunguka kingo. Na lazima liwe na dari yake. Ukuta wa mita 2.5 ulioachwa wazi juu hauzuii chochote. Sauti hupanda, hugonga paa na kushukia kwa jirani. Chumba kilichofungwa hivyo kinahitaji hewa ya kuletwa kwa feni, lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, basi lita 140 kwa chumba hiki. Ukisahau, baada ya saa moja wenyewe watafungua mlango na kazi yako yote ya sauti itapotea.

Kabla ya kuweka uzito, chunguza kilicho chini ya sakafu. Makanisa ya kale yanaweza kuwa na makaburi au vyumba vya chini ya ardhi.

Hatua ya 7: Vyoo, jiko, umeme

Anza kwenye chemba ya maji taka iliyo nje, si kwenye kona inayopendeza. Bomba la milimita 100 linaloshuka sentimita 2.5 kwa kila mita litakuwa limezama nusu mita baada ya mita 20, na huenda likapita chini ya msingi. Vyoo na jiko vikae upande mmoja, vitumie njia moja. Choo cha mwenye kiti cha magurudumu kisipungue mita 1.5 kwa 2.2. Wanawake wapate matundu mara mbili ya wanaume.

Umeme: birika la chai la kilowati 3 hula ampea 13 kwenye volti 230. Mawili kwenye mkondo mmoja wa zamani, na fyuzi inakatika katikati ya mkutano. Kila kifaa kikubwa cha jiko kiwe na mkondo wake. Nyaya zenye ganda la mpira lililokauka zing'olewe zote.

Hatua ya 8: Mabenchi na stoo

Yapige picha mabenchi na uyape namba kabla ya kuyang'oa, na hakikisha mwenye jengo ameridhia kwa maandishi. Chini yake mara nyingi kuna jukwaa la mbao lililo juu kuliko njia ya katikati. Likiachwa litakwaza watu. Acha mabenchi machache kando ya kuta.

Kisha stoo. Tenga angalau asilimia 10 ya sakafu. Viti 100 vikipangwa kumi kumi na meza 20 za kukunja havina budi kulala mahali, na pasipo stoo vitalala mbele ya mlango wa dharura.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ibada kwetu zinaendelea kila Jumapili. Madhabahu yaondolewe?*

Hapana. All Saints ya Hereford, Uingereza, ina mkahawa ndani ya jengo ambalo bado ni kanisa hai. Tenga eneo la madhabahu kwa pazia zito au milango ya kukunja, na muandike kwenye mkataba nini hakifanyiki mbele yake. Zingatia zaidi misiba, kwa sababu haina kalenda. Kila mkodishaji asaini kifungu kwamba ukumbi ukihitajika kwa mazishi atahamishiwa chumba kingine au arudishiwe fedha.

*Tukitandika zulia sakafu nzima si tutamaliza mwangwi kwa bei nafuu?*

Zulia hufyonza sauti nyembamba tu. Nzito zinabaki, na maneno yanasikika kama yako ndani ya pipa. Juu ya sakafu ya mawe isiyo na kizuizi cha unyevu, litaoza pia kwa chini.

*Vijana wanataka michezo. Inawezekana?*

Badminton ndiyo: uwanja wake ni mita 13.4 kwa 6.1, unaingia na nafasi ya pembeni inabaki. Mpira wa kikapu wa mita 28 kwa 15 hauingii. Weka wavu mbele ya vioo na vizimba kwenye taa, na mkeka wa michezo juu ya mawe.

*Fedha za vyumba zimepatikana, za paa bado. Tuanze ndani?*

Msianze. Jipsamu ikilowa mara moja inatupwa. Mwombeni mfadhili kwa maandishi aruhusu sehemu ya fedha iende kwenye paa. Akikataa, rekebisheni mifereji kwa nguvu zenu na mtumie vyumba vilivyopo.

*Darini kuna popo wengi. Tuwafukuze vipi?*

Kwanza ulizia sheria. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinawalinda popo, na kuwaondoa au kuziba matundu yao bila kibali ni kosa. Penye ruhusa, matundu huzibwa wakati hakuna makinda ndani, baada ya popo wote kutoka. Atakayefagia kinyesi chao avae barakoa na alowanishe kwanza.

*Funguo akae nazo nani?*

Milango ya nje iwe na kitasa cha namba, kila kikundi na namba yake inayofanya kazi saa zake tu. Ufunguo wa kawaida ubaki kwa watu wawili wanaokaa karibu, na majina yao yaandikwe kwenye ubao wa ndani ya mlango pamoja na mahali ilipo swichi kuu ya umeme na valvu ya maji.