Jinsi ya kupima mbu DNA na vimelea bila kujidanganya (kwa wa projekti Mbeya na Iringa)

Wadogo zangu mnaofanya projekti za mbu huku kwetu, usije ukaandika "mbu wa hapa hawashiki vimelea vya malaria" kama hujui mbu mwenyewe ni nani na alikaa kwenye joto gani. Ripoti za hivyo zipo nyingi mno. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis kwa mikroskopu ni walewale, utakodoa macho mpaka yaume, hapo ni DNA tu ndo itakutoa.

Tuanze na kutega. Ukishategesha mtego wa taa ndani ya nyumba, iwe Kyela au kwenye majaruba ya mpunga Mbarali, asubuhi watoe mbu kwa aspireta, waue kwa friza alafu kila mmoja aingie kwenye tyubu yake yenye silika jeli na pamba kidogo juu. Kyela kuna unyevu balaa kwaiyo silika ikibadilika rangi badilisha mapema, mbu akiota ukungu DNA inaharibika. Namba andika kwa penseli kwenye kikaratasi kinachokaa ndani ya tyubu, maka pen ikikutana na spiriti imeisha hiyo.

Sasa kukata, na hapa msiwe na haraka. USIMSAGE MBU MZIMA. Miguu na mabawa peleka kwenye PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane) ya kujua aina, kichwa na kifua peleka kwenye kutafuta sporozoiti, yaani hatua ya kimelea inayomwingia mtu mbu akiuma, maana tezi za mate ziko kifuani, tumbo liache kwa ajili ya kujua alikunywa damu ya nani. Ukimsaga mzima vimelea alivyonyonya jana usiku vitakuja kwenye majibu ionekane ni mbu anayeambukiza, kumbe vimo tumboni tu na huenda vingefia humohumo. Wembe ufute kwa jiki, maji safi, kisha spiriti kabla hujagusa mbu mwingine, najua inachosha ila fanya.

Kwa kundi la gambiae PCR inayotumika sana ni ile ya Scott na wenzake ya 1993, kwenye jeli gambiae anatoa bendi (mstari wa DNA) yenye urefu wa jozi besi 390 na arabiensis 315. Kundi la Anopheles funestus, mbu wengine wa malaria, lina praima zake (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za Koekemoer na wenzake za 2002, funestus mwenyewe 505, rivulorum 411, na hawa wawili usiwachanganye maana rivulorum ni mtu wa ng'ombe zaidi. Kila ukirun weka tyubu ya maji matupu na tyubu ya mbu unayemjua tayari. Maji yakitoa bendi tupa run nzima, usianze kujitetea.

Damu ya tumboni PCR inaweza kukuambia ni ya mtu, ng'ombe, mbuzi au mbwa. Kuna kwenda mbali zaidi, ile alama ya vidole ya DNA aliyoanzisha Alec Jeffreys kule Leicester 1984, unalinganisha damu na watu waliolala nyumba ile unajua aliyeumwa ni nani hasa. Tamu sana hiyo, ila bila ridhaa zao na kibali cha maadili usiiguse.

Kutafuta sporozoiti wengi wanatumia elisa, kipimo cha kutafuta protini ya kimelea kwa kingamwili. Usangu, huko huko Mbarali, kuna ng'ombe kila kona, na mbu aliyekunywa damu ya ng'ombe anaweza kukupa chanya ya uongo, kwaiyo sampuli zote zilizotoka chanya chemsha ule mchanganyiko nyuzi 100 kwa dakika 10 urudie. Chanya ya kweli inabaki, ya uongo inapotea.

Haya, kama unataka kujua mbu anashika vimelea au anavikataa, lazima umnyweshe damu yenye gametosaiti (hatua ya kimelea inayomwingia mbu) kwa njia ya utando, yaani anaifyonza kupitia ngozi nyembamba, damu ikiwa na joto la mwili, ndani ya chumba cha mbu chenye milango miwili na kibali mkononi. Sio geto kwako! Walioshiba wabakize, wasioshiba watoe. Chumba kiwe nyuzi 27 hivi, na hapa ndo Mbeya inatuumbua: Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, umeme ukikatika hita imezima, na Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, ikifika nyuzi 18 kushuka chini inakua kwa kusuasua au haikui kabisa. Utaandika mbu sugu kumbe ni baridi. Weka kipimajoto kinachorekodi usiku kucha.

Siku ya 7 au 8 pasua utumbo, paka rangi ya mekurokromu, hesabu oosisti (vifuko vya vimelea kwenye ukuta wa utumbo). Ukiona vidoa vyeusi usivipite, mbu wengine wanafunika kimelea kwa melanini mpaka kinakufa, Collins na wenzake walichapisha gambiae wa hivyo 1986. Huyo kweli amekataa. Sporozoiti subiri siku ya 10 mpaka 14.

Na damu ileile wape pia mbu wa koloni (waliofugwa maabara) unaojua wanashika, wakikosa oosisti nao basi tatizo ni damu yako au chumba. Miguu ya kila uliyempasua iweke kwenye tyubu yenye namba yake, nayo iende PCR.