Kupima floraidi kwenye maji ya kisima: utaratibu ninaowafundisha wageni wa maabara

Ukikaa Arusha, watazame watu meno. Rangi ile ya kahawia huanza utotoni, jino likiwa bado ndani ya fizi, na chanzo chake ni miamba ya volkano ya mlima Meru inayoachia floraidi majini. Ila meno hayakwambii kisima kipi kina miligramu 2 kwa lita na kipi kina 9, na ulimi hausemi lolote. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Tanzania kwa miaka mingi ilikubali hadi 4.0. Ukikosea kwa miligramu moja tu, unaweza kufunga kisima kizuri ukaacha kibaya wazi.

Hatua ya 1: kuchota. Tumia chupa ya plastiki, si ya kioo. Acha pampu ifanye kazi dakika kadhaa kwanza, maana maji yaliyolala ndani ya bomba hayakuelezi habari za kisima. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, jaza, funga. Lebo ibandikwe kwenye chupa yenyewe. Vifuniko hubadilishana ndani ya boksi, nawe utabaki na majina mawili ya kisima kimoja.

Usitie asidi. Hapa ndipo wengi huteleza: sampuli za metali huhifadhiwa kwa asidi ya naitriki, basi mtu akishika dropa anatia kila chupa. Ndani ya asidi floraidi hushikana na haidrojeni, na elektrodi, yaani kijiti cha kupimia kinachosoma floraidi kwa milivolti, haiioni tena. Bila asidi, sampuli inakaa hadi siku 28, kwa hiyo huna sababu ya kukimbizana na muda.

Hatua ya 2: myeyusho wa kulinganishia. Vaa glavu, sodiamu floraidi ni sumu. Pima gramu 2.210 za unga uliokaushwa, yeyusha, fikisha lita moja kwa maji yaliyokenekwa: una 1,000 mg/L. Kutoka hapo tengeneza 1 na 10 mg/L, na ya 100 utakayoihitaji Hatua ya 6. Hifadhi kwenye plastiki.

Hatua ya 3: bafa, yaani myeyusho wa kutuliza pH (kiwango cha asidi) ya sampuli. Kwenye mililita 500 za maji yaliyokenekwa tia mililita 57 za asidi asetiki kali, gramu 58 za chumvi ya sodiamu kloraidi na gramu 4 za CDTA. Pandisha pH kwa sodiamu haidroksaidi hadi kati ya 5.0 na 5.5, kisha jaza hadi lita moja. CDTA hukamata aluminiamu na chuma, ili viiachie floraidi isomeke. Kuna wanaoruka bafa eti maji ya kisima ni masafi. Wasikuambukize.

Hatua ya 4: kusoma. Changanya mililita 25 za sampuli na 25 za bafa. Myeyusho wa kulinganishia nao ufanyiwe vivyo hivyo. Weka kipande cha kadibodi chini ya bika, kwa sababu mota ya kikorogeo hupasha maji joto polepole. Anza na 1, fuata 10, ndipo sampuli. Suuza elektrodi kila mara na uikaushe kwa kuigusa tu na tishu, usiisugue. Subiri namba itulie.

Mwaka wangu wa kwanza nilipima sampuli kumi na mbili zilizotoka friji moja kwa moja, huku myeyusho wa kulinganishia ukiwa mezani tangu asubuhi. Namba zilitulia vizuri kabisa, na zote zilikuwa za uongo. Nilirudia kazi nzima siku ya pili. Kila kitu kiwe na joto moja.

Hatua ya 5: hesabu. Tuseme 1 mg/L imesoma milivolti 100 na 10 mg/L imesoma 42. Tofauti, yaani mteremko, ni 58. Kwa nyuzi 25, elektrodi nzima hutoa kati ya 54 na 60. Ikishuka chini ya hapo, simama utafute tatizo. Sampuli imesoma 63. Toa 63 kwenye 100, gawanya kwa 58, upate 0.638. Kumi kwa kipeo hicho ni 4.3 mg/L. Usiandike 4.345, kifaa hakijui tarakimu hiyo ya mwisho.

Hatua ya 6: kujihakiki. Kila baada ya sampuli kumi, soma tena ile ya 1 mg/L, na pima sampuli moja mara mbili. Kisha kwenye mililita 50 za sampuli ambayo haijatiwa bafa ongeza nusu mililita ya floraidi ya 100 mg/L. Ile ya 4.3 sasa inapaswa kusoma karibu 5.2.

Kwenye ripoti weka namba, kikomo, tarehe na muda pampu ilipofanya kazi kabla ya kuchota. Mwenye kisima atakuuliza kama akiyachemsha yatafaa. Mwambie hapana: maji hupungua, floraidi hubaki sufuriani.