Umehamia domeini mpya na deskitopu iko tupu? Rudisha profaili yako ya zamani

Hapa Arusha kampuni za utalii huungana, hununuana na kuhama ofisi, na kila zikifanya hivyo kuna fundi anaitwa kutoa kompyuta domeini moja (mfumo wa ofisi unaosimamia akaunti na kompyuta zote) kwenda nyingine. Asubuhi yake simu ni ileile: "Fundi, mafaili yangu yote yamefutika!" Dada wa bukingi ameingia kwa jina lake lilelile, lakini amekuta picha ya Windows ya kiwandani na ikoni mbili tatu pembeni. Kwotesheni za wageni wa mwezi ujao hazionekani.

Hazijafutika. Windows haikutambui kwa jina, inakutambua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, iitwayo SID. Ni kama namba ya NIDA: akina Neema mjini ni wengi, ila kila mmoja ana yake. Domeini mpya imempa Neema namba mpya, Windows ikamwona mgeni, ikamfungulia folda nyingine ya mafaili na mipangilio, yaani profaili. Ya zamani ipo palepale. Kazi yetu ni kuielekeza namba mpya kwenye folda hiyo.

Katika mfano huu domeini inaitwa MPYA na mtumiaji ni neema.

Hatua ya 1: Hakikisha, na usifute kitu. Ingia kwa akaunti ya admini ya mashine yenyewe, si ya domeini. Fungua `C:\Users`. Utakuta `neema` na `neema.MPYA`. Ya kwanza ina GB kadhaa, ya pili nyepesi. (Ukikuta folda iitwayo TEMP, hiyo ni profaili ya muda, tatizo lingine kabisa, mwongozo huu haukuhusu.)

Hatua ya 2: Nakili folda ya zamani kwenye diski ya nje (hapa ni `E:`). Fungua Command Prompt kama admini, andika:
`robocopy C:\Users\neema E:\neema /E /B /XJ /R:1 /W:1`
Usiache `/XJ`, la sivyo kunakili kunaweza kuzunguka bila mwisho. Na kama ni kompyuta ya mezani, iwe kwenye UPS. Umeme wetu mnaujua.

Hatua ya 3: Pata namba mpya. Neema aingie kwa akaunti ya MPYA, afungue Command Prompt na kuandika `whoami /user`. Nakili SID. Kisha zima na uwashe mashine, usiishie kutoka tu kwenye akaunti, kwa sababu mafaili ya profaili huweza kubaki yameshikiliwa. Rudi kwa admini.

Hatua ya 4: Mpe ruhusa ya folda. Fungua Command Prompt kama admini:
`icacls C:\Users\neema /grant "MPYA\neema:(OI)(CI)F" /T /C /L`

Hatua ya 5: Mpe ruhusa ya rejistri yake (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Hapa ndipo wengi hukwama. Mipangilio mingi ya mtumiaji imo ndani ya faili moja, `NTUSER.DAT`, na faili hilo lina orodha yake ya ruhusa ndani, ambayo icacls haiigusi. Fungua regedit (programu ya kuhariri rejistri), bofya `HKEY_USERS`, nenda File, kisha Load Hive. Faili limefichwa, kwa hiyo andika njia yake mwenyewe: `C:\Users\neema\NTUSER.DAT`. Lipe jina lolote, mfano `zamani`. Bofya `zamani` kwa kitufe cha kulia, chagua Permissions, ongeza `MPYA\neema`, weka Full Control, kisha ingia Advanced uhakikishe ruhusa inashuka hadi funguo za chini. Ukimaliza, Unload Hive. Ukisahau, faili litabaki limefungwa na Neema hataingia. Rudia hivyohivyo kwa `UsrClass.dat` iliyo ndani ya `AppData\Local\Microsoft\Windows`.

Hatua ya 6: Elekeza namba. Kwenye regedit nenda:
`HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList`
Hifadhi kwanza nakala ya ufunguo wote kwa Export. Tafuta SID mpya, fungua `ProfileImagePath`, badilisha `C:\Users\neema.MPYA` iwe `C:\Users\neema`.

SID ya zamani nayo bado inaonyesha folda hiyohiyo. Futa ufunguo wake hapahapa kwenye regedit. Ukiuacha, siku moja mtu wa usafi wa mashine atafuta "profaili isiyotumika" kupitia mipangilio ya Windows, na folda ya Neema itaondoka nayo.

Washa upya, Neema aingie. Picha ya mwanawe iliyokuwa kwenye skrini ikirudi, umepatia.

Mwambie mapema yasiyorudi: paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na Outlook zilifungwa kwa akaunti ya zamani, ataziandika upya. Wakati mwingine menyu ya Start au programu za Microsoft Store hugoma. Zikigoma sana, bora abaki na profaili mpya, umhamishie Desktop, Documents, Pictures na mafaili ya `.pst` (barua pepe za Outlook) tu.

Kwa mashine moja mbili njia hii inatosha. Kwa ofisi nzima sikushauri. Tumia zana za kuhamisha profaili: User Profile Wizard ya ForensiT, au USMT ya Microsoft.

Folda ya `neema.MPYA` iache wiki mbili hivi. Kabla ya kuifuta ikague, maana huenda alishahifadhi invoisi humo wakati anakusubiri.