Jinsi ya kuandika wosia wa kihamba na mali nyingine

Migogoro mingi ya mirathi huku Moshi huanzia kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Mila ya Wachaga humwachia mtoto wa kiume wa mwisho nyumba ya wazazi, lakini haitoi jibu kuhusu binti aliyerudi kuwauguza wazazi hao kwa miaka, wala kuhusu kiwanja cha mjini kilichonunuliwa kwa jasho la mke na mume. Mzee huwa na jibu moyoni, na asipoliandika angali na akili timamu, huzikwa nalo.

Anza kwa kuorodhesha mali, ukitenganisha iliyo yako na ile mliyochuma na mwenzi wako, kwa kuwa huwezi kurithisha sehemu isiyo yako. Kihamba kieleze kwa ukamilifu: kijiji, kitongoji, majirani wa kila upande, na mahali mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, unapoanzia na kuishia. Ukiandika tu "shamba la juu", wanao wataelewa, ila hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hajawahi kulikanyaga. Taja pia akaunti za benki, hisa za SACCOS na madeni.

Warithi waandike kwa majina kamili, pamoja na mtoto wa nje ya ndoa kama yupo. Kumficha ni kumwonea yeye na kuwaachia ndugu zake kesi. Ukimnyima mtu urithi, eleza sababu. Mteue msimamizi wa mirathi unayemwamini, ili kikao cha ukoo kisigeuke uwanja wa kumgombea.

Wosia uandikwe kwa wino, utiwe tarehe na sahihi au dole gumba. Kwa taratibu za kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji wanne, wawili kutoka kila upande, na wosia wa mdomo vilevile. Mke awepo, na shahidi asiwe mtu anayerithi kwa wosia huo. Mwislamu asigawe kwa wosia zaidi ya theluthi moja ya mali yake.

Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa wakili au benki. Mweleze msimamizi ulipo, na ukiubadilisha, andika wazi kwamba umeufuta ule wa awali.